Kichupa cha Mwisho Kabatini

Jumatatu, 6 Juni 1977

Kliniki ya wajawazito. Benchi limejaa, wengine wamekaa chini kwenye kanga zao. Jua kali. Vumbi la pamba limeingia mpaka kwenye sikio la mizani. Nimepima matumbo ya watu tangu asubuhi mpaka mgongo ukagoma. Langu halikupimwa na mtu.

Baadaye somo la wenye mimba ya kwanza. Nikasema yale ya siku zote. Uchungu ukianza, tembea. Pumua taratibu. Usisukume kabla hujaambiwa. Njoo mapema, usingoje hadi mtoto atoe kichwa akusalimie njiani. Wakacheka. Kabula akanyoosha mkono. Kabula ni mke wa Luhende, mdogo wa umri, macho makubwa, mimba yake na yangu zimelingana. Akauliza: "Nesi, kwani inauma kiasi gani?"

Wote wakalitazama tumbo langu.

Nikajibu nilivyofundishwa chuoni. Ni kama tumbo la mwezini, limezidi kidogo tu. Mama Kulwa, mhudumu wetu wa wodi, akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Yeye alianza na mapacha, akaendelea.

Ukweli ni kwamba sijui. Nimezalisha wanawake kutoka huku kote mpaka njia ya Mhunze, na sijui. Naogopa kama mtoto.

Jumatano, 8 Juni

Nimesafisha kabati la dawa kali. Limebaki na kichupa kimoja cha pethidini, ile sindano ya kupunguza uchungu. Kimoja. Gari la wilaya litaleta nyingine, wanasema. Walisema hivyo pamba ikiwa bado maua.

Ufunguo wa kabati nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Bwana Mganga, mkuu wa kituo, hataki kuubeba. Miwani yake mwenyewe huitafuta ikiwa usoni.

Nikakitazama kile kichupa. Sindano hii huwa ni ya yule ambaye uchungu umemkalia mpaka nguvu zimekwisha. Akichomwa hupumzika, mwili ukalegea, njia ikafunguka. Nimeona ikifanya kazi. Nikakisogeza nyuma ya bunda la pamba ya vidonda. Sijui kwa nini.

Najua kwa nini.

Jumapili, 12 Juni

Leo binti mmoja ametoka wodini na mtoto wake wa kwanza. Wanawake wakamsindikiza kwa wimbo, kama kawaida yao. Mimi ni mtu wa Ushirombo, kwetu hakuna jambo hili, mara ya kwanza nilishtuka. Hapa mama wa mtoto wa kwanza akilia wakati wa uchungu, kilio chake hakipotei. Majirani hukaa chini ya dirisha la wodi na ugoro wao, wanasikiliza. Neno utakalolipiga kelele, ndilo wimbo wako wa kukurudisha nyumbani. Huyu wa leo alikuwa akipiga kelele "Simtaki tena!" Mumewe mwenyewe alikuwa mbele, anaucheza, jasho linamtoka.

Hakuna ubaya. Ila wimbo ukikushika haukuachii. Yupo bibi hapa ana wajukuu, na bado anaimbiwa wake kisimani.

Mtunzi ni Mama Kulwa. Leo ameniambia, huku akikung'uta shuka: "Wako sauti yake ninayo tayari, Nesi. Nangoja maneno tu." Nikamwambia atangoja sana. Kabula alikuwepo. Tukawekeana dau la kuku: atakayelia atampa mwenzake.

Mume wangu Elias karudi kazini mweupe kuanzia nyusi. Ni karani wa kupima pamba ghalani, msimu huu naishi na mtu wa unga. Akawasha jiko, akateleka sufuria kubwa ya maji. Ya nini? Ya kuzalia. Nikamwambia bado majuma kadhaa. Akasema anafanya mazoezi. Tukanywa chai nyingi sana.

Jumanne, 14 Juni

Mama ametuma salamu kwa utingo wa basi la Kahama. Niende Ushirombo nikajifungulie nyumbani, mimba ya kwanza ni ya kwa mama. Nimejibu siwezi, mkunga ni mimi peke yangu na wa kunishikia zamu hajaletwa. Basi atakuja yeye.

Nampenda Mama. Lakini Mama alituzaa sote bila kutoa sauti. Hutusimulia kila Krismasi, kabla ya nyama. Hata mbwa hakuamka, husema.

Nimeamua. Kile kichupa ni changu. Nakiandika hapa ili nisije nikajidanganya. Mimi pia ni mimba ya kwanza. Mimi pia nina mgongo. Nimewachoma wengine wangapi? Elias hajui. Bwana Mganga hajui. Sioni aibu.

Naona kidogo.

Ijumaa, 17 Juni

Kabula.

Alikuja asubuhi na mapema, kama nilivyofundisha. Nilijivuna. Alisindikizwa na shangazi wa Luhende, mama mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kabula hakutoa sauti hata kidogo. Nikadhani ni kwa sababu ya kuku wetu wa dau.

Tukatembea, tumbo na tumbo, tukazunguka jengo mpaka kuku wa kituo wakatuzoea. Nikamkalisha kwenye kiti kinyumenyume, akaegemea mgongo wa kiti, nikamsugua kiuno. Kitambaa cha maji ya moto. Chai ya sukari. Adhuhuri ikapita. Njia haijafunguka zaidi tangu asubuhi. Yeye anatetemeka, ameing'ata kanga mpaka imetoboka. Nikasikiliza moyo wa mtoto, unapiga vizuri. Moyo wa mama ndio uliokuwa unakata tamaa.

Ndipo shangazi akaja dirishani. Hapa wanasema uchungu ukichelewa kuna mwanaume hajatajwa. Mwanamke ataje, mtoto atoke. Akaita: "Taja, mwanangu! Taja ni nani! Sisi hatutakupiga!" Na majirani chini ya dirisha wakanyamaza ili wasikie vizuri.

Kabula akanitazama. Nikaelewa. Haikuwa kwa sababu ya kuku. Aliogopa kufungua mdomo, maana neno lolote litakalotoka litavikwa suruali, liitwe mwanaume.

Nilikasirika sana. Lakini shangazi ni mkubwa wangu, na hasira haizalishi. Nikatoka nikamwamkia upya, nikamwomba kwa heshima zote atupikie uji wa mtama wa wodi nzima, sufuria kubwa, jiko la nyuma, na asiache kukoroga. Akaenda akinung'unika. Mtu akipewa kazi ya kukoroga hawezi kuiacha.

Nikaenda kabatini. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Ufunguo mkononi. Mtoto wangu akapiga teke. Nilimchukia Kabula kwa pumzi moja hivi, nikaichukia wilaya na gari lake, nikajichukia mimi. Halafu nikafungua, nikatoa kichupa nyuma ya pamba, nikamchoma pajani.

Akalala. Kati ya uchungu na uchungu alikoroma kama mlevi, na mimi nikakaa nimemshika mkono, nafurahi na nahuzunika pamoja.

Halafu akaanza kusema! Ile dawa hufungua midomo, nilisahau. Akasema kwa sauti, macho yamefumbwa: "Maganga! Vuta, Maganga! Usiniache hapa, Maganga!"

Shangazi alikuwa mlangoni na mwiko.

Akautupa mwiko, akakimbia. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia vile. Majirani wote nyuma yake kumtafuta Luhende. Nikabaki naomba Mungu. Mama Kulwa akabaki ameshika kichwa.

Luhende akaja, uso hauna rangi. Akauliza ametaja nani. Shangazi akatamka. Luhende akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akacheka mpaka akashika mbavu. Maganga ni ng'ombe wa kulimia wa baba mkwe wake. Kabula ndiye aliyekuwa akimswaga shambani tangu utoto. Na siku ya posa Maganga huyo alimkanyaga Luhende mguu, kovu analo, akalionyesha mkutano mzima.

"Ng'ombe?" akauliza shangazi.

"Ng'ombe, shangazi. Mwenye nundu."

Jua likielekea kushuka Kabula akaamka mwenyewe, macho makavu, anataka kusukuma. Njia imefunguka yote. Mtoto wa kike. Alitoka mzito kidogo wa usingizi, nikamsugua mgongo, akaudhika, akalia. Mama Kulwa akapiga vigelegele. Uji uliungua. Tukaula hivyo hivyo, na shangazi akala zaidi ya wote.

Jumapili, 19 Juni

Kabula amerudi kwake. Wimbo wa Maganga una sehemu ya kiume na ya kike, na mahali pa kuiga ng'ombe akigoma. Shangazi ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote. Anamsifu ng'ombe. Habari za wanaume hazikusikika tena.

Kabula anasema yeye hakulia, alilima. Kwa hiyo dau la kuku bado lipo.

Kabati halina kitu. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Pia nimelia jikoni. Elias akadhani ni moshi.

Jumatano, 22 Juni

Gari la wilaya limekuja! Nilikimbia, kama huku kunaweza kuitwa kukimbia. Limeleta dawa za minyoo, mabango ya kuchimba choo, na boksi la karatasi za kuandikia mahitaji. Pethidini, hapana. Dereva anasema labda mwezi ujao. Nikamwambia mwezi ujao nitakuwa nimeshakufa au nimeshazaa. Akanipa bango moja la choo la nyongeza.

Jumapili, 26 Juni

Mama amefika jana na basi, vumbi tupu, na jogoo, na mfuko wa michembe ya viazi vikavu, na rozari mbili, moja yake moja yangu. Elias alimwamkia shikamoo akiwa ameficha sufuria ya maji mgongoni. Mama akaiona.

Ameshanikagua. Tumbo limeshuka, anasema. Kiuno ni cha ukoo wake, asante Mungu, si cha ukoo wa baba yangu. Amekwenda kuwaona Mama Kulwa na wenzake, wamepatana mara moja, wanacheka kwa Kiswahili kibovu cha pande zote mbili. Wamemweleza habari ya nyimbo. Akawaambia wasipoteze muda. Mwanawe ni damu yake, hatatoa sauti.

Asante, Mama.

Alhamisi, 30 Juni

Nimekabidhi zamu, lakini hakuna wa kumkabidhi. Wa kunishikia yuko njiani, wanasema. Atakayenizalisha ni Bwana Mganga na Mama Kulwa. Bwana Mganga ana mikono mizuri, aibu ndiyo inayomsumbua. Amekuja kuniuliza, akitazama dari, kama ningependa akinizalisha awe ametazama upande mwingine. Nikamwambia heri atazame.

Usiku silali. Naijua kila hatua ya jambo hili, na huko kujua ndiko kunakoniogopesha. Wenzangu wanakuja wakiwa hawajui kitu, wana bahati.

Ufunguo bado nimeuvaa. Sijui naulinda nini.

Jumatatu, 4 Julai

Mgongo tangu alfajiri. Si kitu.

Ni kitu.

Natembea. Miaka yote nimewaambia watembee. Haisaidii. Inasaidia kidogo. Ukisimama ndipo unajua ilikuwa inasaidia.

Mama anasali. Elias anachemsha maji, safari hii nimemwacha.

Tumbo la mwezini! Nani aliandika kile kitabu cha chuo? Alikuwa mwanaume. Naweka kalamu, tunakwenda.

Jumatano, 6 Julai

Mvulana. Mzima. Ana nywele nyingi na uso wa kunidai maelezo. Yuko hapa ubavuni, naandika mkono ukipita juu ya kichwa chake.

Niseme yote.

Nilikaa kimya mpaka saa sita mchana. Nilijisifu kimoyomoyo. Wodini kulikuwa na Mama, Mama Kulwa, na Bwana Mganga aliyejibanza mlangoni. Chini ya dirisha nilisikia kikohozi cha ugoro. Wamejaa. Pamba ya kuchuma wameiacha shambani.

Halafu uchungu ukabadilika. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimejua. Siwezi kuueleza, hata sasa unaanza kunitoka. Nakumbuka tu nilitaka kutoka ndani ya mwili wangu niende nyumbani niuache pale kitandani.

Kabula akaingia. Hakupaswa kutoka nje, siku zake za ndani hazijaisha, shangazi alimkataza. Akaja na mtoto mgongoni. Akamkabidhi Mama yule mtoto, akakaa nyuma yangu kitandani, mgongo wangu kifuani kwake, akaweka mikono yake ya jembe kiunoni mwangu akakandamiza pale pale penyewe. Sijawahi kuipenda mikono ya mtu namna ile. Nikapumua.

Akaninong'oneza sikioni: "Jikaze, Nesi. Ni kama tumbo la mwezini. Limezidi kidogo tu."

Nilitaka kumng'ata. Badala yake nikacheka, na nikiwa katikati ya kucheka, bila kinga yoyote, uchungu mkubwa kuliko yote ukanikuta mdomo wazi.

Nikapiga kelele. Si kelele ya mtu mzima. Nilipiga kelele: "Funguo! Nipeni funguo! Fungueni kabati!"

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Kabati lilikuwa tupu, na mtu aliyelijua hilo kuliko wote ni mimi. Nikaendelea kuuitisha vile vile. Nje nikasikia mtu amejipiga paja kwa furaha.

Mama Kulwa hakucheka. Aliivua ile kamba, akaniwekea ufunguo kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Nikaubana. Kila uchungu ulipokuja niliubana ule ufunguo kana kwamba dawa iko ndani ya chuma, na Kabula akakandamiza kiuno, na Bwana Mganga, ambaye sasa alikuwa ametazama na kusahau aibu yake yote, akawa ananihesabia pumzi kwa sauti ya upole sana. Mpaka leo alama za meno ya ufunguo ziko kiganjani.

Na Mama akalia. Mama! Alikuwa na mtoto wa Kabula mapajani, machozi yanamtoka, akasema: "Mwanangu, lia. Mimi nilipokuzaa wewe nilimwita mama yangu mpaka Padri akasikia kanisani." Nikamwuliza, kati ya uchungu na uchungu, na yule mbwa? Akasema mbwa alihama.

Nikasukuma nikicheka. Mwanangu kazaliwa mama yake akicheka na kulia, na nje watu wameshaanza kutafuta mahali pa kugongea ngoma.

Maji ya Elias yalitumika. Mama alimwogesha mtoto, na yaliyobaki tukanywa chai.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Kijiji kizima kipo uwanjani. Mimi nipo kitandani, dirisha wazi. Hotuba imekuwa ndefu, imekuja na upepo kwa vipande. Pembejeo. Kujitegemea. Makofi.

Kisha ngoma. Kisha nikasikia, kwa kipaza sauti cha serikali, sauti ya Mama Kulwa:

Nesi anaita funguo, funguo,
Nesi kavaa funguo, funguo,
Kabati tupu, Nesi, la nini?
Tukusugue mgongo, utulie!

Uwanja mzima ukaitikia. Mama alitoka mbio na viatu vya kanisani akiwa amevaa kimoja. Elias amerudi jioni amepotewa na sauti, anasema aliombwa aongoze ubeti wa mwisho, na mgeni rasmi alicheza.

Nilijifunika shuka kichwani. Nikacheka mpaka mshono ukanikumbusha upo.

Jumamosi, 16 Julai

Jana gari la wilaya limeleta pethidini. Boksi zima. Dereva akanipongeza.

Na mkunga wa kunishikia zamu ameteremka humo humo, msichana wa Kahama, nadhifu, bado hajaolewa. Amekuja nyumbani kuchukua ufunguo. Nikauvua shingoni nikampa. Nikamwambia zilizomo ni za yule aliyechoka, asiziogope na asizifiche. Akaniuliza, wenye mimba ya kwanza wakiuliza kuhusu maumivu, hapa mnawajibuje? Chuoni tumefundishwa tumbo la mwezini.

Nikamwambia aje kesho, nitamtafutia mtu wa kumjibu.

Jumapili, 17 Julai

Mchana. Mama amekwenda ibadani. Elias amelala, mdomo wazi, pamba kwenye nyusi.

Kabula alikuja na binti yake, na nyuma yake jirani yake, mdogo sana wa umri, tumbo linaanza tu kuonekana. Yule mkunga mpya akaja pia, akakaa kwenye kigoda. Yule jirani alimtazama mwanangu. Kisha akauliza, macho chini: "Nesi, inauma?"

Kabula akanitazama. Mimi nikamtazama Kabula.

Nikamwambia inauma sana. Uso wake ukaanguka. Nikamwambia siku hiyo nitakaa nyuma yake nimshike kiuno, sitatoka. Kabula akasema na yeye atakuja. Mkunga mpya akasema naye atakuwepo. Yule jirani akafikiri, akauliza kama anaruhusiwa kulia. Kabula akamwambia alie, ila achague neno zuri.

Wakati wa kuondoka Kabula alichukua kuku wake. Nilimpa jogoo wa Mama, ndiye aliyekuwa mkubwa. Mama hajajua bado.

Jina la ubatizo tutampa Padri akija. Kijiji kimeshampa lake, wanamwita Funguo. Alikuwa analia sasa hivi, nikajaribu nyimbo za kwetu, akakataa. Nikajaribu ule wa uwanjani, polepole, bila ngoma. Amelala kabla ya mstari wa mgongo.